Kuku Wanane Bila Mgongo

Mwezi uliopita nilikabidhi koleo la mkaa. Goti la kushoto halitaki tena kuinama, na la kulia limeanza kumwiga mwenzake. Ninyi mnaobaki jikoni mliniomba niandike jinsi nilivyojifunza kazi ya kuchoma kuku, basi nimenunua daftari la kurasa arobaini na nane. Nimezihesabu mara mbili, ziko arobaini na sita. Mwenye duka akasema mbili zilizobaki ni jalada. Zamani ningesimama pale mpaka anipunguzie au anipe na kalamu. Siku hizi nimestaafu, nikaondoka.

Mshahara sitauandika, hautajaza hata mstari. Vyeo navyo havikuwepo: niliingia mchoma kuku, nimetoka mchoma kuku. Nitaandika juu ya mkasi, juu ya mzee aliyenifundisha kuushika, na juu ya mchana mmoja ambao nusura nivunje ndoa ya watu kwa kuku aliyeiva vizuri kabisa.

Kabla ya jiko nilikuwa mkagua majora katika kiwanda cha nguo hapa Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu majora yanayoingia ghalani, kisha kuyahesabu tena. Ikaja ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ikashuka kwa marobota, vitenge vya nje vikapangwa hadi barabarani, na kiwanda kikaanza kupumua kama mtu mwenye pumu. Wakatuita tupange mstari. Mimi niliyehesabu kila kitu mara mbili nikahesabiwa mara moja tu, nikaambiwa niko ziada.

Wakati huohuo kila mwenye ukuta alikuwa anatoboa dirisha la duka. Pale Mabatini palikuwa na mjane wa Kihaya, Mluteri wa kwenda ibadani kila Jumapili, tukimwita Mama Justa kwa jina la binti yake. Marehemu mume wake alimwachia nyumba yenye uwanja mpana. Akaezeka banda uwanjani, akaweka viti vya chuma, akasema atauza kuku wa kuchoma. Wanakwaya wenzake waliguna. Wiki ya pili walikuja kuonja.

Nilikwenda kuomba kuosha vyombo. Mama Justa akaniuliza, "Kuku unamjua?"

"Nimezaliwa Kisesa, mama. Kuku tumekua nao."

"Sikuulizi kama mmesoma wote. Nauliza kama unaweza kumnunua bila kuibiwa."

Hapo nikapata kazi, maana kununua bila kuibiwa ndiyo shahada pekee niliyokuwa nayo. Siku ya mnada nilipanda gari kwenda Kisesa na matenga mawili. Kuku wa kuchoma mzima hatakiwi kuwa mkubwa. Tunataka tembe, yaani kuku jike ambaye bado hajaanza kutaga, au jogoo mdogo anayejaribu kuwika na sauti inamkatika. Shika ncha ya kidari, pale mfupa unapoishia kuelekea tumboni. Ikijikunja kama sikio, huyo ni mtoto. Ikiwa ngumu kama ukucha, huyo ni bibi wa mtu, mpeleke kwenye sufuria. Kisha pima gole lake, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Wauzaji wa wakati ule walikuwa wanawalisha mahindi na maji alfajiri ili waonekane wamenona.

"Huyu umemlisha mahindi au umemlisha shamba zima?" niliwahi kumuuliza mzee mmoja.

"Dada, huyo ni afya."

"Afya inayochezacheza hivi? Nitamrudisha kesho akishaenda haja, tumpime tena."

Na kwenye tenga nahesabu vichwa, halafu nahesabu miguu nagawanya kwa mbili. Msicheke. Siku moja vichwa vilikuwa kumi na miguu kumi na nane. Kuku mmoja alikuwa amekufa tangu asubuhi, wakamfunga katikati ya wenzake akae wima, miguu imekunjwa chini ya manyoya.

Aliyenifundisha jiko ni Mzee Magesa, Mkerewe mwembamba aliyewahi kupika misheni kwa miaka mingi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na hakupenda maneno. Siku yangu ya kwanza alinipa kuku aliyekwisha kunyonyolewa, akaweka mbele yangu mkasi wa kukatia bati. Mkasi halisi wa fundi wa paa, mzito, meno yake yamenolewa kwa tupa. Alipewa na kaka yake aliyekuwa anaezeka nyumba.

"Kisu je?" nikauliza.

"Kisu kinateleza kwenye mbavu. Kikiteleza kinatafuta kidole. Wewe una vidole vingapi?"

Nilimjibu kumi. Akaniambia nivihesabu tena jioni.

Njia yake ndiyo hii, na mniwie radhi nikienda polepole. Kuku ababuliwe kwenye moto kuondoa vinyoya, aoshwe, afutwe akauke. Kuku mwenye maji usimguse na mkasi. Mlaze kifudifudi, mkia ukuelekee. Utaona uti wa mgongo umeinuka katikati kama tuta la viazi. Anza mkiani, kando ya uti, upande wa kulia, kata mbavu moja moja mpaka shingoni. Usikate tumbo. Matumbo yote yanatokea hapohapo mgongoni, na nyongo unaiona vizuri kabla haijakuharibia siku. Kisha mfungue kama kitabu, mgeuze, ngozi iwe juu. Weka kiganja katikati ya kidari, weka na kingine juu yake, kandamiza kwa uzito wa bega. Utasikia "ko". Kuku sasa amelala bapa, mapaja huku na huku. Toboa ngozi pembeni, penyeza ncha za miguu. Mabawa yafungie nyuma. Spoku mbili za baiskeli, zilizonolewa na kuchomwa moto kwanza, zipite mapajani na mabegani ili asijikunje. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu kilichotwangwa na tangawizi kidogo. Basi. Kuku bapa anaiva sawa kote. Kuku wa duara nje anaungua na ndani analia.

Nilimuuliza kwa nini tunakata upande mmoja tu na mgongo unabaki umening'inia upande wa pili. Akasema, "Ndivyo anavyokatwa." Kwake hilo lilikuwa jibu refu.

Tatizo la mgongo uliobaki ni kwamba upande wake unakuwa mnene. Lazima uuelekeze kwenye mkaa mkali, uuchunge, uugeuzegeuze. Wateja wakawa wengi, na watu wa ruksa walikuwa na haraka kuliko sisi wa zamani. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimefunguliwa kando ya ziwa, na jioni wafanyakazi wake walijaa kwetu. Msimamizi mmoja akaniambia, "Dada Kabula, kule kazini minofu inapanda ndege, sisi tunabakiwa na mapanki, vichwa na mifupa. Kutwa nzima naangalia migongo ya samaki. Nikija hapa nikute tena mgongo?"

Wote wakacheka, nami nikaona ana hoja. Nikaanza kukata pande zote mbili. Mgongo unatoka mzima, kuku anabaki laini na mwepesi, robo saa imeokolewa. Migongo nikaitupia kwenye sufuria ya supu, na supu ile ya asubuhi na chapati ikapata jina mpaka Mirongo. Kila asubuhi nilihesabu: kuku kumi na wawili, migongo kumi na miwili. Nilijiona nimevumbua umeme.

Mzee Magesa aliangalia, hakusema kitu. Macho yalikuwa yameanza kumpungua nguvu, akawa ananiachia mkasi na yeye anachunga mkaa. Nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali. Watu kama yule wakinyamaza waulizeni mara mbili.

Hali ikaenda hivyo kama miaka miwili, mpaka ilipofika siku ya Justa.

Justa, binti wa mwenye banda, alikuwa amechumbiwa na kijana wa kiwanda cha samaki aitwaye Masanja, Msukuma kutoka kijiji cha mbele ya Kisesa. Kijana mpole, mwenye mikono yenye harufu ya kazi hata akijipaka mafuta. Watu wake walikuja mchana wa Jumamosi kuzungumza mahari. Walikuwa wageni sita. Wa kuwajua ni wawili: baba yake mkubwa, Mzee Lutonja, aliyekuwa msemaji, na shangazi yake, mama wa makamo aliyefunga kitambaa cheusi, jina lake Mbuke. Mama Justa alifunga banda, akatandika vitambaa vya meza, akaniambia, "Kabula, leo usiniaibishe."

Nilipeleka kuku wanane, wameiva rangi ya asali, wamelala bapa kwenye sinia kama picha. Firigisi zilikuwa juu, na ya kwanza nilimwekea Mzee Lutonja kwa mikono miwili, maana firigisi ni ya baba na hilo hata Wahaya wanalijua. Akapokea, akacheka, akasema nyumba hii ina adabu. Nikarudi jikoni nimeinua kidevu.

Haikupita dakika tano Mama Justa akaingia.

"Umetia nini kwenye kuku?"

"Chumvi na ndimu. Na vile vya kila siku."

"Sasa mbona shangazi mtu ameshiba kabla ya kula?"

"Amesemaje?"

"Amemgeuza kuku, akamwangalia, akamrudisha. Akanawa mikono. Akasema, 'Asanteni, nimeshiba.' Wenzake wote wameacha kula. Kaka mtu ameshika firigisi hewani kama tiketi."

Nikachungulia mlangoni. Kuku wa yule mama alikuwa amelazwa kifudifudi, mahali pa mgongo pakiwa wazi.

Kwetu Kisesa, kuku akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe. Firigisi ya baba. Mgongo wa mama. Marehemu mama yangu alikula mgongo maisha yake yote, akituambia ni malipo ya mgongo uliotubeba. Hakuna aliyemfundisha mwingine jambo hili kwa maneno mengi, ni kama kujua mlango uko wapi. Mimi nimekua nikiliona, halafu nikalisahau kwa sababu ya supu. Mama Justa alikuwa na kisingizio. "Kwetu bibi yangu hakuonja kuku kabisa," aliniambia. "Huo mgongo ungempa nani?" Mimi sikuwa na kisingizio chochote.

Nikakimbilia sufuria, nikaopoa mgongo mmoja kwa upawa. Mzee Magesa, akiwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya jiko, akauliza, "Huo wa nani?"

"Wa kuku, mzee."

"Kuku yupi?"

Nikaangalia ndani ya sufuria. Migongo minane. Niliihesabu tena, minane. Hesabu haikuwa na kosa hata moja, na ndivyo ilivyoniudhi zaidi. Huwezi kumpelekea mama wa watu mgongo wa sufuria ambao hata hujui umetoka kwa nani.

Kabla sijaurudisha, mlango ukawa na kivuli. Shangazi Mbuke alikuwa amekuja mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, nikapiga goti.

"Marahaba. Mwenye jiko ni nani?"

"Mimi."

"Kwenu wapi?"

"Kisesa."

"Kisesa," akarudia, kama mtu aliyeonyeshwa mwizi na kugundua ni jirani. "Huyu mama wa Bukoba simlaumu. Wewe wa Kisesa, mama yako alikuwa akila nini kuku akichinjwa?"

"Mgongo."

"Basi."

Alikaa kwenye debe la mafuta lililogeuzwa, bila kukaribishwa. Akaongea akiangalia moto, si mimi. Mama yake Masanja alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa. Baba akaenda machimboni Geita, hakurudi. Yeye Mbuke hakujaliwa mtoto. Alimchukua yule mchanga akamfunga mgongoni, akalima naye pamba, akachota naye maji, akalala naye. Kijijini wote wanamwita shangazi, na Masanja naye alijifunza kumwita hivyo kwa kuwasikia watu.

"Nikasema leo naenda kukaa mahali pa mama," akasema. "Nikamgeuza kuku, nikaona wamenitolea mgongo. Nikajua habari zimenitangulia. Wameambiwa sikumzaa, wakaamua nisihesabiwe."

"Hatukujua, shangazi."

"Hamkujua kwamba sikumzaa?"

"Hatukujua kwamba ulimlea."

"Sasa mmejua," akasema, akainuka. "Mimi sina ugomvi. Nitamwambia kaka yangu turudi nyumbani. Maneno mengine waje kuyasema wale wanaohesabiwa."

Mama Justa alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni. Alijua, nami nilijua, kwamba watu wakiondoka hivyo hawarudi. Hakuna atakayesema wamekataa. Kutakuwa na msiba huku, kilimo kule, halafu mwaka utaisha. Na huko ndani Justa alikuwa amejifungia chumbani na kitenge kipya, anasubiri aitwe.

Mimi sina elimu ya kuomba msamaha. Ninachojua ni kupatana. Nikasema, "Shangazi, nipe saa moja. Kuna tembe mmoja amebaki kwenye tenga. Nitamchinja, nitamchoma na mgongo wake, na utamwona tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Gari la kwetu linaondoka saa tisa na nusu."

"Sasa ni saa nane na robo."

"Na mpaka stendi ni kutembea. Nakupa nusu saa."

"Nusu saa hajakauka hata maji ya kunyonyolea. Hamsini."

"Arobaini."

"Arobaini nitakupa mbichi, na hilo litakuwa kosa la pili. Arobaini na tano, na ukae hapohapo unisimamie."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Nadhani naye alikuwa mtu wa soko. "Arobaini na tano," akasema, akarudi kukaa kwenye debe. "Saa anayo kaka yangu."

Masanja ndiye aliyechinja. Alikuja bila kuitwa, akakunja mikono ya shati jeupe. Mama Justa akanyonyoa nami, na siku hiyo ndipo nilipoona mwenye mali akinyonyoa kuku kwa nguo ya ibadani. Tulimbabua, tukamwosha, tukamfuta. Tembe mwekundu, mdogo, kilo kasoro. Dakika kumi na tatu zilikuwa zimekwenda.

Nikamlaza kifudifudi, nikashika mkasi wa bati. Nikakata upande wa kulia, mbavu baada ya mbavu, mpaka shingoni. Nikatoa matumbo, nyongo salama. Halafu mkono wenyewe, kwa mazoea ya miaka miwili, ukaupeleka mkasi upande wa kushoto. Ulikuwa umeshauma ubavu wa kwanza.

"Huo uache," shangazi akasema taratibu.

Nikauacha. Nikamfungua, nikamgeuza, nikakandamiza kidari kikalia "ko". Miguu ndani, mabawa nyuma, spoku mbili. Mgongo ulikuwa umelala upande wa kushoto, mnene kama mkanda. Nilijua hesabu yake: kwa dakika zilizobaki nyama ya kidari itaiva, lakini pale kwenye uti kutakuwa na damu. Kuliko kumpa mgongo wenye damu, afadhali kutompa.

Mzee Magesa akanyoosha mkono. "Nipe."

Hakuona vizuri, akafanya kwa vidole. Akapapasa uti kwa ndani, akatafuta viungo vyake, akavitia ncha ya kisu mahali patatu bila kupasua mpaka nje. "Moto upite hapa," akasema. "Mgongo ubaki mzima." Akasukuma mkaa wote mkali upande wa kushoto, ule wa majivu kulia. Akamlaza kuku mifupa ikiwa chini, akamwekea juu jiwe bapa alilolitoa ziwani na kulichemsha mara nyingi kuliko chai. "Usimguse mpaka niseme."

"Mzee," nikamwambia, "kwa nini hukunikataza wakati ule?"

"Ulikuwa unauza."

Hayo ndiyo malumbano yetu makubwa kwa miaka tisa.

Tukakaa. Mafuta yakaanza kudondoka. Shangazi Mbuke akauliza kwa nini tunatumia mkasi wa bati, nikamweleza. Akauliza Kisesa ni kwa nani, nikamtajia ukoo, akasema mjomba wangu mmoja aliwahi kumuuzia jembe bovu. Nilimkubalia, maana mjomba namjua. Mzee Magesa akasema geuza. Nikageuza, ngozi ikaangalia moto, jiwe likarudi.

Mzee Lutonja akatokea mlangoni ameinua saa. "Mbuke, dakika zako zimebaki mbili."

Nikatoboa paja kwenye kiungo. Maji yakatoka meupe. Nikatoboa kando ya uti. Yakatoka na wekundu. Mdogo, kama wa ua la komamanga, lakini wekundu.

Ningeweza kuficha. Ndimu nyingi na pilipili, nani angeona? Lakini yule mama alikuwa ameliangalia tone lile pamoja nami.

"Shangazi, bado. Niongeze kumi."

"Tulipatana."

"Tulipatana. Nimeshindwa bei."

Mzee Lutonja akasema, "Gari litatuacha. Tutalala wapi watu sita?"

Masanja alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa jiko, shati limeingia matone ya damu, anapepea mkaa kwa kifuniko cha ndoo. Shangazi akamwangalia yeye, si kuku.

"Ongeza," akasema. "Huyu nilimbeba miaka mitatu. Dakika kumi hazitanivunja mgongo."

Hakutabasamu. Lakini alijisogeza kwenye debe akakaa vizuri, kama mtu aliyeamua kukaa.

Yaliyofuata kazini mnayajua, kwa hiyo nitayapitisha haraka. Tangu Jumatatu yake nilirudi kukata upande mmoja. Msimamizi wa minofu alilalamika, nikamwambia kuku wangu hapandi ndege. Supu ya asubuhi ilikufa, na waliokuwa wanatoka Mirongo wakahamia kwingine, sikuwalaumu. Mzee Magesa alifanya kazi mwaka mmoja zaidi, halafu mwanawe akaja kumchukua kwenda Ukerewe. Aliniachia mkasi juu ya meza bila hotuba. Wavu wa kuchomea ninaowaachia ninyi ni wa tatu, mkasi ni uleule, unolewe kwa tupa na si kwa jiwe. Vijana wanaojifunza kwenye picha za simu huwa wananiuliza mbona tunaacha mgongo wakati duniani kote wanautoa. Nawaambia duniani kote sijafika.

Sasa turudi kwa yule tembe.

Zile kumi zilipoisha nilitoboa tena, maji yakatoka meupe. Nikatoboa mahali pengine kwa uhakika. Meupe. Shangazi akarudi mezani kukaa na wenzake. Masanja akachukua birika na beseni kutoka kwa msichana aliyekuwa akinawisha, akamnawisha shangazi yake yeye mwenyewe, wanaume wenzake wakitazama chini. Nikamgawa kuku pale pale mbele ya watu, nikauacha mgongo mzima kutoka shingoni mpaka mkiani, nikauweka kwenye sahani peke yake. Nikapiga goti. Nilikuwa nimepanga kusema shangazi. Mdomo ukasema jambo jingine.

"Karibu, Mama Masanja. Mgongo wako huu."

Hakuna aliyenisahihisha. Mzee Lutonja alifungua mdomo, akaamua kutia firigisi ndani yake, ilikuwa imepoa zamani.

Aliula bila haraka, kiungo kwa kiungo, akipanga mifupa pembeni ya sahani. Watu wote wakamngojea, na kwa mbali huko barabarani tukasikia honi ya gari linalotoka. Mzee Lutonja akaangalia saa yake, kisha akaangalia mlango.

"Hilo ndilo gari," akasema.

"Nimelisikia," akajibu dada yake. Akafuta mikono, akamgeukia Mama Justa. "Mama mkwe mwenzangu, nyumba yako ina mikeka?"

"Ipo," Mama Justa akasema. "Ipo mingi."

"Basi mwiteni huyo binti aje anisalimie. Amekaa ndani vya kutosha."